Vidonge Nilivyompa Doria

Wegesa mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Butiama kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Sasa ni alasiri, kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika. Nimekaa chini sebuleni, mgongo ukutani, na Doria amelaza kichwa juu ya paja langu, mwandiko ukipinda usishangae. Habari za tiketi, vyeti na chakula cha njiani tumeziongea wiki nzima, sizirudii. Nataka kuandika jambo ambalo mdomo wangu umelikataa tangu mwezi wa nne. Kesho saa kumi na mbili basi linaondoka, na nikinyamaza leo utafika Mtwara ukiwa umebeba uongo wangu.

Nianze na jana. Uliposema, "Baba, siendi. Nani atamwinua?" nilipaza sauti kwamba ni mbwa tu, kwamba watu wanamaliza chuo wanakaa nyumbani miaka, na wewe shule imekuita unataka kuikataa kwa ajili ya mbwa. Nilikuona ulivyogeuza uso. Maneno yale sikuyaamini hata wakati yanatoka. Nilipiga kelele kwa sababu ya woga. Niliogopa kwamba utabaki kweli, ubaki kwa sababu ya kosa ambalo hujui ni la nani.

Ni langu, Wegesa. Lote.

Wewe unamjua Doria tangu ukiwa darasa la nne, siku nilipomleta kutoka Nyamuswa ndani ya boksi la sabuni, ukamlaza kwenye sketi yako ya shule. Kwako alikuwa mbwa wa nyumbani. Kwangu alikuwa wa kazini. Miaka ile nilikuwa naendesha lori la pamba, nasomba magunia kutoka Nyamuswa na Guta kupeleka kiwandani Bunda, na yeye alikaa juu ya mzigo. Hakuna mtu aliyethubutu kugusa gunia. Hilo unalijua. Ambalo hulijui ni kwamba nilimfundisha kuruka.

Tukifika kiwandani nilikuwa nasimamisha lori, nashuka, nasimama hatua chache, nasema, "Doria, ruka!" Naye anaruka kutoka juu ya magunia hadi chini kwenye changarawe, juu kuliko kichwa changu, anatua kwa miguu ya mbele, puu! Watu walikuwaga wanasubiri kuona. Wapakiaji wanapiga makofi, akina mama wa chai wanaacha sufuria. Nami nilijiona mtu. Mlinzi mmoja wa pale, mtu mzima mwenye fimbo, aliniambia siku moja, "Dereva, mnyama huyo ana magoti kama wewe. Mbona wewe hurukagi?" Nikacheka. Miaka minne, mwanangu, msimu wote wa pamba, mara mbili au tatu kwa siku. Nilikuwa na ngazi ya chuma ubavuni mwa lori. Ningeweza kumbeba.

Halafu nikastaafu, na mama yako akatutoka ukiwa kidato cha pili, ukarudi bwenini, nikabaki na Doria. Sikujua kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono wangu ulizoea kusonga ugali wa watu watatu, nikausonga hivyo hivyo, na uliobaki wote ukaenda kwake pamoja na vichwa vya sangara. Nilifurahi kumwona anakula. Nyumba ilikuwa kimya na sauti ya mtu anayekula ilinitosha. Akanenepa akawa kama ndama. Kisha nikaona sebule haipendezi, nikaweka marumaru, hizi hizi ninazokalia sasa, nikazipiga deki hadi zikawa kioo. Siku ya kwanza Doria alipoingia, miguu ya nyuma ilimtoka kila mmoja upande wake. Nikacheka tena.

Ulipoanza chuo alikuwa tayari anaamka taratibu. Asubuhi anatanguliza mbele, anasubiri, ndipo anavuta nyuma. Uliniuliza kwenye simu nikasema ni uzee tu. Neno hilo nilikuwa nalo tayari mdomoni, kwa sababu nilishalitumia kwa mama yangu. Bibi yako alilalamika magoti miaka minne. Kila nikienda Butiama ananishika mkono anasema, "Mwanangu, magoti yanawaka moto usiku," nami najibu, "Ni uzee, mama, utafanyaje," nampa sukari na mkate, narudi Musoma. Shangazi yako aliniambia bibi anatambaa kwenda chooni. Nikasema nitakuja tuone. Sikwenda.

Ikaja masika ya mwaka huu. Unakumbuka ilivyonyesha. Asubuhi moja Doria hakuweza kuamka kabisa. Alijaribu mara tatu, mara ya nne akalia, na Doria si mbwa wa kulia. Mimi mwenyewe nilikuwa na vidonge vyangu vya magoti, diklofenaki, vile nanunua duka la dawa pale njia panda. Nikawaza: goti ni goti. Kama vinanisaidia mimi, yeye vitamdhuru nini? Nikasaga nusu kidonge, nikaweka ndani ya tonge la ugali na mchuzi wa dagaa. Akala.

Ningependa nikuambie kwamba alidhurika palepale, nikajua, nikaacha. Lakini jioni ile alisimama. Alikwenda hadi getini akambwekea mtu wa maji, mkia juu. Nilikupigia simu, nikakuambia Doria amekuwa kijana, ukacheka sana. Kesho yake nikampa kizima. Siku ya tatu kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku ya nne akakataa chakula, siku ya tano akatapika kitu cheusi kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe, na choo chake kikawa cheusi, kinanata kama lami.

Hapo moyo wangu ulijua. Nakuapia, ulijua. Lakini kichwa kilitafuta mtu mwingine, na aliyekuwa karibu alikuwa Mama Zawadi. Mwezi uliotangulia Doria alikuwa amekula vifaranga wawili, naye alisema juu ya ua, mbele ya watu, "Mbwa huyu nitamwekea kitu." Maneno ya hasira, kama anavyosema kila mwenye kuku. Mimi nikayachukua kama mtu anayezama anavyoshika jani. Nikatoka nikaenda getini kwake, mchana, watu wakipita, nikamwita muuaji. Alitoka na mikono ya unga. Aliniambia, "Baba Wegesa, mke wako nilimpikia uji hadi siku ya mwisho. Leo mimi ni wa kuua mbwa?" Nikatema mate chini. Mbele ya wateja wake wa maandazi, nikatema mate chini.

Ndipo nikakupigia wewe nikasema Doria amewekewa sumu na Mama Zawadi.

Nilimkodia bajaji hadi stendi, kisha pikapu hadi Bunda. Utajiuliza kwa nini Bunda na Musoma madaktari wa mifugo wapo. Kwa sababu Musoma ningejulikana. Zaidi ya saa nzima barabarani, anavuja damu tumboni, ili mimi nisijulikane.

Daktari alikuwa dada mmoja wa umri kama wako, au amekuzidi kidogo. Akamfunua mdomo akatazama ufizi, ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Amekula nini, mzee?"

"Amewekewa sumu na jirani."

"Lini?"

"Jana. Au juzi. Sijui."

Akamgusa magoti, nyonga, viwiko vya mbele, polepole, Doria akawa anavuta pumzi kwa maumivu. Kisha akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu anayeumwa viungo?" Nikajifanya namfuta Doria mdomo. Akanyoosha mkono akachomoa karatasi ya vidonge kwenye mfuko wa shati langu. Ilikuwa inachungulia muda wote.

"Hivi vya nani?"

"Vyangu."

"Na yeye umempa vingapi?"

Nikamwambia. Mtu wa kwanza duniani kumwambia ukweli alikuwa mgeni. Hakunigombeza. Alisema, "Mzee, mbwa si mtu mdogo mwenye mkia. Tumbo lake haliwezi hivi, vinalitoboa. Wengi tunawazika kwa kidonge walichopewa kwa upendo." Akamtundikia maji, akamchoma sindano, akasema tuombe. Nililala kwenye benchi lake siku mbili. Kila ulipopiga nilikuambia anapambana na sumu, nawe ukalia, ukamlaani Mama Zawadi, na mimi nikasikiliza laana ile hadi mwisho bila kukukatisha.

Alipona, kama ulivyoona. Lakini sasa unajua kwa nini niligeuka mtu mwingine. Uliporudi ulicheka kukuta nimeshona magunia na mazulia mabovu nikayatandaza juu ya marumaru zangu zote, nyumba ikawa kama ghala. Ulicheka bakuli lake kuwa juu ya matofali asiiname, na mimi kumkata kucha kama bibi harusi. Yote alinifundisha yule daktari. Alinishikisha mguu wa Doria nikasikia kwa kidole mfupa ukisaga juu ya mfupa, ile gegedu ya katikati imeisha. Akasema haitarudi, lakini kinachobaki kinaweza kutunzwa. Kila kilo anayobeba bure inakaa gotini. Kwa hiyo nilianza kupima ugali wake kwa kikombe, na kila mwisho wa mwezi nampandisha kwenye mizani ya magunia pale mashineni, watu wanacheka, wanauliza kilo ya mbwa shilingi ngapi. Alikuwa na thelathini na nne. Akafika ishirini na saba. Nilikuwa namtembeza mara moja kwa siku hadi achoke. Nikaacha, nikawa namtoa mara tatu, kidogo kidogo, kule ziwani kwenye mchanga laini. Asubuhi za baridi namwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo kwenye nyonga. Dawa anayokula ni ya mbwa, daktari ndiye anayepima kiasi, na vidonge vyangu viko kabatini kwa kufuli.

Alipata miezi mitano mizuri. Hiyo siwezi kuikana. Kuna asubuhi moja kule mchangani alimkimbiza ndege, hatua kama sita hivi, akasimama akanitazama kana kwamba ni mimi niliyekimbia.

Na ni baada ya hapo ndipo nilipokwenda Butiama nikamchukua bibi yako, nikampeleka hospitali. Daktari wa watu naye akasema maneno yale yale: uzee ni umri, maumivu ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa. Akampa dawa, mkongojo wenye miguu minne na mazoezi. Sasa anatembea hadi kanisani. Leo bila shaka umemkuta amekaa nje, amenisifia kwako, amesema mwanangu ananijali. Usimwambie, lakini wewe jua: nilimhudumia mbwa kwanza, mama baadaye. Alinisubiri miaka minne nijifunze kwa mnyama kwamba anaumwa.

Sasa lile linaloniuma kuliko Doria. Uliporudi kutoka chuo, Mama Zawadi alisimama getini akakuita, "Wegesa, karibu nyumbani mwanangu." Ukapita. Nilikuwa dirishani. Ulipita kama hujasikia, shingo imenyooka, na yeye akabaki na mkono juu. Zawadi, mliyekaa naye dawati moja miaka saba, akaleta kadi ya harusi. Ukaiacha juu ya meza ya nje hadi mvua ikailowesha. Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikaingia ndani nikampima Doria ugali.

Nilijidanganya kwamba nikimtunza Doria vizuri, deni litafutika lenyewe. Halifutiki hivyo. Nilikuwa namtunza asiyenidai, nikimkimbia anayenidai.

Wiki hii mvua zimerudi na baridi yake, umeona. Juzi alisimama kwa shida, jana hakusimama. Leo ulipofunga geti kwenda Butiama, alisikia. Akataka kukufuata. Alijivuta kutoka kwenye magunia hadi pale mlangoni ambapo sikufunika, miguu ikateleza yote, akaanguka kwa ubavu na hakuweza kujigeuza. Nikaja nikamshika kifuani, mgongo wangu ukakataa. Nikajaribu tena, nikaanguka naye. Akajikojolea pale tulipolala. Akageuza uso pembeni, Wegesa. Mbwa aliona aibu. Sijui kwa muda gani tulikaa vile. Nikaanza kuita. Sikuita jina la mtu, niliita tu, "Jamani! Jamani!" kama mtu aliyevamiwa.

Mama Zawadi ndiye aliyeingia.

Hakunisalimia. Alitazama, akafungua kitenge kiunoni, akakikunja mara nne, akakipitisha chini ya tumbo la Doria mbele ya mapaja. "Shika huku. Usivute. Inua." Tukainua. Nyuma ikapanda, miguu ya mbele ikashika, tukatoka naye hadi kwenye nyasi, yeye anatembea ameinama kama anayemfundisha mtoto kwenda. Doria akamaliza haja yake. Tukamrudisha, akamfuta kwa maji ya vuguvugu, akamgeuza ubavu mwingine ili ule usipate vidonda. Yote hayo hakunitazama usoni.

Alipokuwa anaosha mikono nikasema. Nilisema nimesimama, maana nilifikiri nikikaa sitamaliza. "Mama Zawadi, vile vidonge vilikuwa vyangu. Mimi ndiye niliyempa."

Akafunga bomba. Akakung'uta maji mikononi.

"Kwa hiyo miezi saba ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Kila Jumapili padri anasema tupeane amani, unanipa mkono, ulikuwaga unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilitaka kupiga magoti. Akaninyooshea kidole. "Usipige magoti hapa, huwezi kuamka, nitaanza kuinua na wewe." Sauti yake haikuwa ya utani. Halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko. "Mimi usiniambie. Mimi najua sikumwekea. Mwambie mtoto. Yule alipokuwa mdogo nilimlisha kwa kijiko mama yake akiwa amelazwa, leo ananipita kama nguzo ya umeme. Anaondoka kesho. Mwambie." Akatoka. Kitenge amekiacha, kasema kitamfaa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Ndiyo maana naandika. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi na nitakaa hapa hapa wakati unasoma.

Nimempigia pia yule daktari wa Bunda. Nimemweleza yote, hata kwamba leo mguu wa nyuma wa kushoto ni wa baridi na nikiubinya hauvuti. Akasema, "Mzee, nitakuja Alhamisi nimwone. Kama ni maumivu tu, dawa tunaongeza. Kama mishipa ya fahamu ya mgongo imebanwa, tutaongea mengine." Najua mengine ni nini: ni sindano ya kumlaza asiamke tena. Nimeangalia mbwa huyu miaka kumi na tatu na sijui nitafanyaje na nyumba hii ikiwa haina mtu wa kupimia ugali. Nakuandikia hivyo kwa sababu nimechoka kukwambia kila kitu kiko vizuri. Hakiko vizuri. Ninaogopa sana.

Lakini nenda. Nakuomba, mwanangu, siyo kwa sauti ile ya jana. Ukibaki hapa, viungo vyake havitapona kwa kuwa umebaki. Gegedu niliimaliza mimi kule Bunda, kwa makofi ya watu, wewe ukiwa bado mtoto wa shule. Huko kuna watoto wanaosubiri mwalimu, na wewe hujamkosea mtu yeyote ila kwa neno nililokupa mimi. Kuhusu Mama Zawadi sikuamrishi lolote, sina tena mdomo wa kukuamrisha. Nakuambia tu kwamba huwa anaamka saa kumi kukaanga maandazi, na jiko lake lina mlango wa nyuma unaoujua. Ukinichukia kwa muda, nichukie, nitaelewa. Ukihitaji kukaa kimya na mimi hadi Krismasi, kaa. Mtumie hata ujumbe bibi yako, nitasikia kwake.

Jambo moja tu nakuahidi, na hili nitalitimiza hata likinishinda. Mama yako alipofariki ulikuwa kwenye mitihani. Nilikuficha siku mbili, nikakuambia tumeshazika, na hujawahi kunilaumu kwa mdomo. Alhamisi daktari akifika getini nitamwomba asubiri nje. Nitakupigia kwanza, niweke simu sikioni kwa Doria, useme naye unachotaka kusema, kwa muda wowote unaotaka. Ndipo nitakapofungua geti.

Baba yako anayekupenda, na aliyekukosea,
Baba Wegesa